Wimbo Mmoja wa Wepukhulu

Benchi lilikuwa nje ya kibanda cha Dalmas, fundi wa redio pale Kondele, na waliolikalia walikuwa wale wale. Opiyo, karani mstaafu wa shule, aliitwa Profesa kwa kuwa alikuwa na jibu hata kabla ya swali. Masinde, mlinzi wa ghala la pamba, alijua habari za kila mtu ila zake mwenyewe. Huyo aliitwa Interpol. Dalmas walimwita Santuri, maana alikuwa na santuri moja tu ya roki na aliithamini kuliko watu wengi. Mama Apiyo aliwamiminia kahawa. Mchana mmoja wa Agosti 1994, redio iliyoletwa kutengenezwa ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, na katikati ya majina ikamtaja Wepukhulu, aliyekuwa mpiga gitaa wa Bendi ya Radi. Mazishi Jumamosi, Bungoma. Dalmas akaizima redio. Kisha akaiwasha tena, lakini mtangazaji alikuwa ameshafika kwa marehemu mwingine.

— Yawa! Profesa alishtuka. Kwani alikuwa hai? Mimi nilijua yuko Ujerumani, ameoa mzungu wa kupiga piano.

— Ujerumani gani, omera? Interpol alidakia. Meneja wake alimuuza Zaire. Alikuwa anapigia jenerali mmoja gitaa, huyo jenerali hawezi lala bila yeye.

— Uongo. Sauti kama ile haitoki Zaire. Ile waya ya tatu ya gitaa yake ilikuwa mshipa wa kiboko! Sasa ziwa imekuja kuchukua kitu yake.

— Profesa, redio imesema ni ugonjwa, Mama Apiyo alimkumbusha.

— Mama, wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingia wapi hapo?

— Wepukhulu alikuwa mrefu. Hakuinama.

Siku nyingine Dalmas angecheka. Aliingia ndani akaitoa santuri, *Ngurumo ya Winam*, akaipangusa kwa shati lake ingawa haikuwa na vumbi.

— Nyinyi mnaongea juu ya waya, alisema. Mnajua wimbo ya tatu, kabla gitaa haijaingia, kuna mtu anakohoa? Hawakufuta. Halafu gitaa inaingia polepole, kama mvua ikitoka ng'ambo ya ziwa, unaisikia kabla haijakupata. Mimi hiyo kikohozi naijua kama ya baba yangu.

Mwaka wa 1986 bendi ilipozunguka miji ya karibu na ziwa kuitangaza santuri hiyo, Dalmas alifunga kibanda wiki tatu akaifuata. Aliwaona Homa Bay, akawaona Maseno, wanafunzi wakiwa wamepanda hadi madirishani. Awasi, kwenye uwanja wa soko, amplifaya ilikufa alasiri wimbo wa pili ukiwa katikati. Watu wakaanza kurusha mahindi ya kuchoma. Dalmas alipenya hadi jukwaani, akapasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la mwuza maandazi, na kwa robo saa akairudishia uhai. Wepukhulu alimshika mkono akauinua mbele ya umati. "Huyu ndiye bendi!" alisema. Tangu siku ile Dalmas hakuwahi kupewa jina zuri kuliko lile alilopewa jioni yake na Wepukhulu mlangoni mwa gari la bendi: Fundi wa Awasi.

Ndiyo maana hakuwaambia wenzake habari ya Kibuye.

Ilikuwa mwaka mmoja nyuma, sokoni. Mtu mrefu, mkavu kama ufito, alikuwa ameketi nyuma ya mafungu ya nyanya, koti zito mwilini na jua likiwaka. Akaita, "Fundi wa Awasi!" Dalmas aliijua sauti. Aliuona mkono wake ulioinuliwa kumwita, vidole vimebaki mifupa. Akajifanya anatafuta kitu mfukoni, akavuka barabara.

Mchana ule wa tangazo, kahawa ilikuwa imefika nusu ya birika mwanamke mmoja aliposimama mbele ya benchi, kitambaa cheusi kichwani.

— Hamjambo wazee. Nimeelekezwa kwa mtu anaitwa Santuri. Mimi ni Nekoye, dada ya Wepukhulu.

Profesa alivua kofia. Interpol alimpisha kwenye benchi, lakini mgeni hakuketi.

— Pole sana, mama, Dalmas alisema.

— Asante. Sisi hatuna hata santuri moja yake. Aliuza zote, akauza na gitaa, tukanunua dawa. Naomba utuazime. Mchungaji amekubali tupige kaburini, lakini wimbo moja tu.

Dalmas alimkabidhi. Nekoye aliigeuza, akaangalia orodha ya nyimbo nane kwenye jalada.

— Nyinyi ndio mlikuwa mashabiki. Kati ya hizi, yeye mwenyewe alikuwa anapenda gani?

— Ya tatu, Profesa alijibu upesi. Hiyo ya mvua.

— Hiyo ni yako, mzee. Nauliza yake.

Profesa akatazama viatu vyake. Interpol, aliyejua habari za majenerali, alifungua kinywa akakifunga.

— Ningemuuliza, Dalmas alisema. Nilimwona Kibuye mwaka jana. Akaniita. Nikavuka barabara.

Nekoye alimtazama bila hasira, na hilo lilimchoma Dalmas zaidi.

— Hizo nyanya zilikuwa zangu, alisema. Tulikuwa tunakaa hapo Obunga. Wengi walivuka, baba.

Dalmas alisoma yale majina manane ya nyimbo kwenye jalada, kisha akayasoma tena kutoka chini kwenda juu.

Jumamosi alikuwa Bungoma, na kinanda chake cha kupigia santuri na betri ya gari. Mchungaji alipomwashiria, aliiweka sindano mwanzoni kabisa mwa upande wa kwanza, mahali anapoiweka mtu asiyejua aiweke wapi.