Jina Chini ya Plasta

Ndugu, jamaa na marafiki, karatasi mliyoshika ina aya moja ambayo mjomba aliniomba niitoe. Aliniomba mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa jana mbele ya mama. Inahusu siku kumi na sita za mwaka jana, na anayeaibika humo ni mimi niliyesimama hapa. Nimeiacha ilivyo, kwa sababu marehemu dada yangu hakupenda majibu yaliyopunguzwa. Tutafika huko. Kwanza nianze alikoanzia yeye.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1969, saa kumi na moja alfajiri, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yetu, ambaye ametangulia, alikuwa fundi saa. Mama yetu, aliyekaa hapa mbele, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye, na wakubwa wanasema dada alinikagua vidole vyote kabla hajakubali nibaki.

Alisoma shule ya msingi aliyofundisha mama, kuanzia 1977 hadi 1983, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni, kisha chuo cha udaktari kuanzia 1990 hadi 1995. Lakini daktari alikuwa ameshaanza kabla ya hapo. Mwaka 1978 nilikanyaga kipande cha bati nyuma ya nyumba. Dada alichukua lenzi ya baba, ile aliyoibana jichoni, akachukua na saa ya mteja iliyokuwa mezani, akakaa kutazama damu yangu ikiganda juu ya jani. Mimi niliiona mara moja tu nikazimia. Mama alipotoka alikuta mtoto mmoja yuko chini na mwingine anahesabu dakika. Dada alichapwa siku hiyo, na kwenye daftari lake akaandika: dakika saba.

Tangu hapo mimi na damu hatupatani. Nikawa fundi bomba. Dada alikuwa akiwaambia watu kwamba sote wawili ni mafundi bomba, ila mabomba yake yeye hulalamika.

Aliajiriwa katika hospitali kuu Januari 1996, akasomea ubingwa wa magonjwa ya damu kuanzia 2000 hadi 2003, akarudi hapohapo, ghorofa ya pili, chumba namba saba. Chumba kile kina dirisha moja, meza moja ndefu, hadubini mbili na sinki ambalo nimelitengeneza mara nne bila malipo. Alifanya kazi na fundi wa maabara ambaye hospitali nzima inamwita Babu Kioo, kwa kuwa ndiye anayepaka damu kwenye vioo na kuitia rangi. Babu Kioo yupo nasi leo.

Daftari halikuisha, lilibadilishwa tu. Yapo kumi na tisa. Humo aliandika mambo ya wagonjwa na mambo ya bustani bila kuyatenganisha. Nimechagua machache. "Utomvu wa mti nilioukata leo umeganda kabla sijamaliza chai. Mti umenishinda." "Panzi niliyemkanyaga hana damu nyekundu. Nimemwomba radhi hata hivyo." "Mgonjwa husema la maana akiwa ameshashika kitasa cha mlango." Na hili: "Mtu akisema amechoka, muulize amechoka tangu lini, na usikubali jibu la kwanza."

Kuna jambo la kazi yake ambalo ni lazima mlielewe. Mwaka 2003, mwaka wake wa kwanza akiwa bingwa kamili, kililetwa kioo cha damu ya jirani yetu, fundi cherehani aliyetushonea sare za shule. Dada alisoma jina kwanza. Alimpenda mzee yule, na jicho lake likaona lilichotaka kuona. Aliandika kuwa damu ni salama. Wiki tatu baadaye daktari mwingine alikisoma kioo kilekile akaona ugonjwa, na muda ulikuwa umeshapita. Dada alikwenda mwenyewe kwa wajane na watoto wa yule mzee, akakaa chini, akawaambia kosa lilikuwa lake.

Baada ya hapo jina lilifunikwa kwa plasta kwenye kila kioo. Alihesabu chembe nyeupe mia moja kwa mashine ndogo ya vitufe, ile inayolia kengele ikifika mia, akatamka jibu mbele ya wote, ndipo akabandua plasta. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa na hakumruhusu mtu kuuvunja utaratibu huo.

Tarehe 20 Desemba 1998 alifunga ndoa na shemeji yangu, mpima ardhi. Walikutana kwenye sherehe ya rafiki, shemeji akiwa anatafuna barafu, glasi ya tatu. Dada alimfuata, akamvuta kope la chini bila hata salamu, akamwambia ana upungufu wa damu na aje Jumatatu. Shemeji alikwenda Jumatatu, akaendelea kwenda hata baada ya kupona. Mungu aliwajalia binti mwaka 2001 na mtoto wa kiume mwaka 2004.

Jumatatu, tarehe 7 Machi 2022, dada alimnyooshea Babu Kioo mkono, akasema amechoka tu, ampime. Hakuna aliyemuuliza tangu lini. Mchana ule Babu Kioo alikiweka kioo chini ya hadubini akaona. Ameniambia alitaka kumwita pembeni, akaogopa kwamba swali la kwanza lingekuwa kwa nini amevunja utaratibu. Basi akalifunika jina, akakitia kwenye trei pamoja na vingine.

Jumanne asubuhi dada alikaa, na madaktari wanafunzi sita walisimama nyuma yake. Kioo cha tatu ndicho kilikuwa chake. Vitufe vikalia, tik, tik, na Babu Kioo anasema hajawahi kusikia mia ndefu kama ile. Kengele ikalia. Dada akasema, "Chembe changa sitini na mbili katika mia. Hii ni saratani, na mwenyewe aitwe leo, si kesho. Mnajua kama ana watoto?" Akabandua plasta. Akalisoma jina lake, akasema, "Haya, tumempata. Kioo kinachofuata." Akasoma vinne vilivyobaki, na Babu Kioo amevirudia vyote. Havina kosa.

Sasa ile aya. Dawa za kwanza zilifanya kazi, lakini ili ugonjwa usirudi alihitaji kupandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa ndugu wa tumbo moja. Ndugu wa tumbo moja ni mimi peke yangu. Tarehe 20 Aprili aliniita, akanieleza, akaniomba nije kupimwa. Nilisema nitakuja kesho. Kesho yake nikasema bomba limepasuka shuleni. Hakukuwa na bomba. Niliogopa sindano, niliogopa damu, na zaidi ya yote niliogopa kuambiwa kwamba yangu haifai. Dada hakunisukuma. Kila baada ya siku tatu alituma ujumbe mmoja: "Mdogo wangu, bomba limepona?" Nami nilijibu bado.

Siku ya kumi na sita mama alikuja karakana, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akasema, "Nimezaa wawili tu. Twende." Nikaenda. Nilizimia mara mbili, na uboho wangu ukafaa.

Lakini nafasi katika chumba cha kupandikizia ilikuwa imekwenda kwa mgonjwa mwingine. Ilibidi dada angoje, na katika kungoja akaongezewa duru ya dawa kali. Duru ile ndiyo iliyomletea ugonjwa wa mapafu, na kikohozi kilichobaki hakikuondoka tena. Daktari aliyemtibu ananiambia huenda ingekuwa hivyo hivyo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu ninalala naye kitanda kimoja.

Alipandikizwa tarehe 14 Julai 2022. Mwaka huu, Jumanne ya tarehe 17 Januari, aliniita chumba namba saba. Nilibeba spana nikidhani ni sinki. Babu Kioo alikuwa ameweka kioo chenye plasta. Dada, amekonda, kitambaa kichwani, akanisogezea mashine ya kuhesabia. "Leo utahesabu wewe. Mimi nitataja, wewe bonyeza." Nikamuuliza nikizimia je. Akasema sakafu ipo.

Alinitazamisha kwanza. Nilitarajia wekundu, nikaona vitu vya zambarau vimetulia kama vifungo vya shati kwenye maji. Halafu akataja na mimi nikabonyeza, jasho likinitoka. Akakohoa, tukasimama, tukaendelea. Kengele ikalia. Akauliza chembe changa, zile za ugonjwa, ni ngapi. Nikasema sifuri. Akasema nitazame tena, na kweli ilikuwa sifuri. Akaibandua plasta mwenyewe.

Akasema, "Jina ni langu, damu ni yako. Nimeisoma miezi sita na ni nzima. Zile siku kumi na sita nilizihesabu, sitakudanganya. Nilikukasirikia sana. Halafu ulikuja, na hilo nimeliandika pia."

Limeandikwa, daftari la kumi na tisa, ukurasa wa mwisho wenye maandishi.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, saa nane mchana, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 53. Asubuhi ya siku hiyo Babu Kioo aliisoma damu yake mara ya mwisho. Chembe changa zilikuwa sifuri.

Ameacha mama mzazi, mume, binti, mtoto wa kiume, na mdogo wake mmoja, ambaye damu yake inazikwa leo pamoja naye. Jumatatu saa mbili asubuhi mdogo huyo atakuwa hospitali kuu, ghorofa ya pili, kutoa damu kwa yeyote anayeihitaji. Amemwomba Babu Kioo jina lifunikwe kwa plasta.

Dada, kazi umeimaliza. Lala kwa amani.