Mama Régina Feza, Muuguzi Aliyemnyima Mtoto Sindano

Tarehe 31 Machi 1958 Mama Régina Feza anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita katika dispensari yetu ya Kasongo. Sisi wafanyakazi wenzake tutaikosa sauti yake, ambayo wagonjwa waliokaa barazani waliisikia vizuri kuliko walivyotaka.

Alianza kwa kuosha chupa, akasomea ukunga kwa masista, kisha akawa anatumwa mji wa jirani wa Nyangwe kupima watoto. Zilikuwa zama za sindano za buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi. Kwa jinsi zilivyoponya haraka, watu walizipenda kupita kiasi. Bwana mmoja aliyekimbiwa na mke alikuja kudai achomwe moja. Mama Régina alimpa kiti na bakuli la uji, akamrudisha kwake.

Lakini kazi yake ninayoiheshimu kuliko zote haikuwa na dawa hata kidogo. Mwaka 1946, Mwamvita wa Nyangwe alimleta binti yake wa miezi minane, Aziza, paji la uso na mashavu yamejaa vipele vya rangi ya manjano na kahawia. Havikuwasha wala kutoa usaha, na mtoto alinyonya na kucheka kama kawaida. Hata hivyo mji ulikwisha kuamua kuwa ni ukoma. Mumewe, Kassimu, alitoa muda: Ramadhani ikiisha na vipele bado vipo, mama na mtoto warudi kwao.

Daktari alikata kipande kidogo cha ngozi, kikapelekwa maabara Léopoldville. Jibu lilitufurahisha: si ukoma, wala ugonjwa huo hauambukizi. Ni chembe za mwili zinazojikusanya chini ya ngozi ya watoto wadogo, na huondoka zenyewe baada ya miaka. Miaka! Kassimu hakuwa na subira hiyo. Mwamvita alilia: « Mama, umuchome ata sindano moja tu, bwana aone tunafanya kitu. » Mama Régina alikataa katakata. Hakuwa tayari kumuumiza mtoto ili kuwatuliza wakubwa.

Kwenye harusi moja huko Nyangwe, mwezi wa Shaabani kabla ya mfungo, Mama Régina aliwakuta wanawake wamezunguka sinia za wali, na Mwamvita ametengewa sahani yake nyuma ya nyumba. Aliinuka, akaenda kukaa naye, akamketisha kitindamimba wake Odile mkeka mmoja na Aziza, akawalisha wote wawili kwa vidole vilevile. Kila alipokwenda Nyangwe alirudia. Gérard, mume wa Mama Régina, kwa kuogopa ukoma aliapa kutokula tena chakula cha mkewe. Akajipikia bugali, ukaungua, akarudi mezani.

Mfungo uliisha na vipele vilikuwa palepale. Kassimu alikuja Kasongo kwa baiskeli, akaomba kumwona Odile. Akamkagua masikio, vidole, mgongo. Safi. Akarudi Nyangwe, akambeba binti yake mwenyewe, akapita naye sokoni, uso wazi. Mwamvita akabaki nyumbani kwake, hakurudishwa kwao.

Vipele vilififia taratibu, vikaisha Aziza alipofikia umri wa shule. Yeye hakumbuki chochote. Anajua tu kwamba Odile ni dada yake, wanagombana kama ndugu, na hakuna aliyewahi kumweleza undugu huo ulianzia wapi.

Asante, Mama Régina. Nenda kijijini Wamaza kwenye shamba lako la karanga, upumzike. Sisi uliotufunza kungoja tunakuombea afya na miaka mingi ya amani.