Mwaka Aliotusikia Mwalimu Penina

Mwalimu Penina Chilongani anastaafu tarehe 30 Juni, 2005, baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na minne, mingi kati ya hiyo hapa hapa Shule ya Msingi Chilewa. Mwalimu Mkuu ameniagiza niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha kumuaga, kwa sababu nimekuwa nikimsaidia darasani tangu nilipomaliza kidato cha nne na kuja kujitolea. Nilijitahidi kuandika mambo ya furaha tu. Nilipomwonyesha, alisoma yote, akasema nimeandika vizuri lakini nimeliacha lililo kubwa. Basi nimeandika upya.

Alizaliwa Mvumi mwaka 1945. Alifundisha Bahi na Kongwa kabla ya kuhamishiwa hapa kwetu Makole. Safu ya miarobaini iliyo mbele ya ofisi ni kazi yake na ya watoto aliowafundisha. Kila mmoja alikuja asubuhi na kopo la maji yaliyooshewa vyombo nyumbani, maana maji safi hayakuwepo ya kumwagia miti. Ndiye aliyeanzisha kwaya ya shule, na ndiye aliyekataa watoto wasio na viatu kusimamishwa nyuma siku za wageni.

Wote tunalijua darasa lake kwa sauti. Aliuliza, "Saba mara nane?" na darasa zima likajibu, "Hamsini na sitaaa!" hadi wapita njia wakacheka. Wakaguzi walilipenda darasa hilo. Hakuna aliyejua kwamba sauti ya pamoja ndiyo pekee iliyokuwa ikimfikia. Masikio yake yalianza kufifia polepole miaka mingi iliyopita, polepole kiasi kwamba yeye mwenyewe alidhani watoto wa siku hizi wananong'ona. Mtoto mwenye sauti ndogo akisimama kujibu peke yake, Mwalimu alisubiri kidogo, kisha akasema, "Hajui. Kaa chini." Akaendelea na mwingine.

Mwaka jana, miaka michache baada ya ada kufutwa na madarasa kufurika, wazazi walianza kulalamika kwamba Mwalimu hawajibu wanapomsalimia. Ofisi ikapanga kumpeleka stoo ya vitabu amalizie huko muda wake. Jambo hilo lilimuumiza sana. Alimwambia Mwalimu Mkuu, "Nipe mwezi mmoja. Nikitoka kazini, nitoke nikiwa darasani."

Mwanawe Stanley alimpeleka kwa mtaalamu wa masikio, Bwana Gaudence, anayekuja Dodoma kila mwezi kutoka Dar es Salaam. Alimpima kwa milio mbalimbali, kisha akamwekea mezani aina mbili za vifaa vya kusikia vya kidijitali. Kimoja kilikuwa kidogo kama punje ya hindi, cha kuzama ndani kabisa. Kingine kilikuwa cha kukaa nyuma ya sikio, chenye mrija na kipande cha plastiki cha kufinyangwa kwa umbo la sikio lake. Mwalimu alikidaka kile kidogo.

"Hiki hakitaonekana," alisema.

"Mama, unataka kuficha au unataka kusikia?" Bwana Gaudence alimuuliza. Akamweleza kwamba kile kidogo hakina nguvu ya kutosha kwa masikio yake, na betri yake ni ndogo mno kwa vidole vyenye vumbi la chaki. Mwalimu alikirudisha mezani. Akachagua viwili vya nyuma ya sikio, kulia na kushoto, na tangu siku hiyo hakuvifunika kwa kilemba.

Vilirekebishwa kwa kompyuta, na akaonywa kwamba kuvinunua tu hakutoshi. Ubongo nao unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Mwanzoni vilimchosha. Alishtushwa na mlio wa chaki, na bati la paa linalolia kwa jua, na hata na viatu vyake mwenyewe. Aliamua kuvivaa saa chache kila siku, akiongeza kidogo kidogo, na akarudi kwa Bwana Gaudence mara mbili vikarekebishwe. Kila jioni alivipangusa kwa kitambaa kikavu na kufungua vijumba vya betri vipate hewa.

Vituko havikukosa. Watoto walieneza habari kwamba Mwalimu anasikiliza mpira redioni wakati wa kipindi. Mwalimu Sostenes naye, kwa wema wake, alibandua vikaratasi vya betri zote za akiba. "Nimekuandalia kabisa, dada, zisikusumbue," alisema kwa fahari. Kumbe betri hizo zikishabanduliwa huanza kwisha hata zikiwa kabatini! Zote zilikufa kabla ya mwisho wa mwezi. Na inasemekana kwamba kwenye vikao virefu vya walimu, Mwalimu Penina huvizima. Hajakanusha.

Lakini siku ya kwanza darasani watoto tisini walisimama na kupaza sauti, "Shikamoo Mwalimuuu!" naye akashika masikio kwa maumivu. Siku hiyo hiyo alifuta majibu ya pamoja. Kuanzia hapo kila mtoto alijibu peke yake, na wengine wakanyamaza kumsikiliza. Mwalimu Castory wa darasa la jirani alichungulia dirishani akauliza, "Kulikoni humu, kuna msiba?"

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Paskazia, mtoto ambaye hata mimi nilidhani hajui kuhesabu, alisimama akajibu kwa sauti ndogo sana. Alikuwa sahihi. Akaulizwa tena, akawa sahihi tena. Mwalimu akamuuliza, "Siku zote ulikuwa unajua?"

"Ndiyo Mwalimu. Nilikuwa najibu."

Mwalimu alikwenda kusimama mlangoni, mgongo kwetu. Tulidhani vumbi limemwingia machoni.

Mwezi wa pili tangu avivae, akiwa bado darasani na si stoo, alikwenda soko la Majengo kununua mboga. Muuzaji akamwamkia, "Shikamoo Mwalimu. Hunikumbuki? Ni Ritha, yule bubu wako wa darasa la nne." Aliyasema kwa kutania, akicheka. Ritha alikaririshwa darasa la nne mara mbili kwa sababu ya kutojibu. Alipokuwa mrefu kuliko wenzake wote, aliona aibu akaacha shule. Mwalimu alimsikia kila neno, kwa sauti ile ile ndogo, katikati ya kelele za soko.

"Ulikuwa unajibu, mwanangu?"

"Nilikuwa najibu, Mwalimu. Nilichoka tu."

Mwalimu alilia pale pale mbele ya mafungu ya mchicha. Jirani wa Ritha akapiga kelele, "Wewe Ritha, mteja umemuuzia vitunguu gani?" Ritha alimfuta Mwalimu machozi kwa khanga yake na kumwambia hana kinyongo. Mwalimu alimwomba arudi kusoma, yeye atamfundisha. Ritha alikataa kwa upole: ana watoto watatu na meza ya kuangalia.

Mwalimu hajuti kuhusu vifaa vyenyewe. Anajuta kwamba alikwenda kupimwa akiwa amebakiza mwaka mmoja, wakati angeweza kwenda zamani. Nasi tunasikitika kumpoteza sasa, alipoanza tu kutusikia.

Mwalimu Mkuu alimuuliza angependa nini kiwekwe katika kijitabu hiki, picha au vyeti vyake. Alitaka maneno haya, nami nayaweka kama alivyoyatamka: "Wote mliojibu nami nikawaambia hamjui, mlikuwa mnajua. Nisameheni. Nipo nyumbani Makole. Anayetaka kusoma tena aje, na asiyetaka aje tu tuongee."

Ahsante, Mwalimu wetu. Mungu akupe afya, nyumba yenye wageni, na miaka mingi ya kuwasikiliza.