Mwalimu Dayodi na Umeme Uliobaki

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha elektroniki katika chuo chetu, Mwalimu Dayodi anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, jirani yake wa karakana ya umeme wa majumbani, niandike machache ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Yeye mwenyewe alipopata habari aliniomba kitu kimoja tu, nisimpambe.

Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza. Dayodi ni kile kidude kidogo kinachoruhusu umeme upite upande mmoja na kuukatalia kurudi. Ili darasa lielewe, alisimama mlangoni, akawa anawaruhusu wanafunzi kuingia na kumzuia kila aliyetaka kutoka, hadi wapishi wakaja kuuliza mbona chakula kinapoa. Kufikia jioni chuo kizima kilikuwa kinamwita Dayodi. Shemeji yetu, mke wake, aligoma kwa muda, kisha naye akazoea. Leo ukifika kwao ukalitaja jina lake la kuzaliwa, unaulizwa unamtafuta nani.

Kinachowatoa jasho wanafunzi wengi ni vipitishi nusu, yaani vitu kama silikoni, ambavyo havipitishi umeme kwa urahisi kama waya wala haviuzuii kabisa kama mpira. Yeye alivifundisha kwa benchi. Aliwakalisha vijana wakabanana, akaacha nafasi moja wazi, kisha jirani wa nafasi ile akaambiwa asogee aijaze, na jirani wa jirani vivyo hivyo. Watu wakawa wanakwenda kulia huku nafasi tupu inakwenda kushoto, na hapo darasa likaona jinsi tundu lisilo na kitu linavyoweza kusafiri ndani ya silikoni. Siku moja mkaguzi alifungua mlango akakuta watu wanasukumana, akadhani ni ugomvi. Akaketishwa naye, akasogezwa mpaka mwisho wa benchi, akaondoka anacheka na suruali imejaa chaki.

Ningependa kuishia hapo. Lakini sisi tuliofanya naye kazi tunajua kwamba yule Dayodi mcheshi wa benchi alitutoka zamani.

Alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Sindano, binti mwembamba ambaye mkono wake haukutikisika hata kidogo alipokuwa analehemu. Dayodi hakuwahi kuficha kwamba huyo ndiye aliyemtaka aje amrithi. Alipomaliza masomo, Sindano alifungua kibanda cha ufundi nyuma ya stendi ya mabasi, akawa anatengeneza redio, televisheni na chochote kilicholetwa. Mchana mmoja aliletewa maikrowevu isiyopasha. Alichomoa waya ukutani, akaufungua mfuniko, akaingiza bisibisi. Ndani ya mashine ile kuna kapasita, kopo dogo linalohifadhi umeme, na lile halikuwa limetoa umeme liliokuwa nao. Alikufa kabla muuza viatu wa kibanda cha pili hajafika.

Baada ya maziko baba yake alikuja chuoni. Nilikuwapo, na nilijiandaa kuamua ugomvi. Mzee hakupandisha sauti. Aliketi kwenye stuli ya wanafunzi, kofia mkononi.

"Mwalimu, wananiambia waya ulikuwa umechomolewa," alisema. "Sasa umeme ulitoka wapi?"

Dayodi alimweleza. Alimweleza taratibu, kama anavyowaeleza wanaoanza, jinsi kapasita inavyojaa, jinsi inavyoweza kukaa na umeme wake hata mashine ikiwa imelala sakafuni haijaunganishwa na kitu, na jinsi fundi anavyopaswa kuumaliza kwanza ndipo aguse. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Na yeye ulimwambia haya?"

"Nilimwambia."

"Mara ngapi?"

"Mara moja, mzee wangu. Ilikuwa katika somo."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alichokifuata. Alishukuru, akavaa kofia yake, akaondoka. Hatujamwona tena.

Tangu siku hiyo kila kipindi cha Dayodi, hata kiwe cha transista au cha kuhesabu rangi za rezista, kilianza na kapasita. Mwanafunzi alimaliza umeme wake mbele ya darasa, akapima kwa mita, akasema kwa sauti kwamba imebaki sifuri. Vijana walichoka. Walimwigiza bwenini, wakasema mzee ameshikwa na kapasita kama watu wanavyoshikwa na pepo. Alizisikia zile kejeli, na kesho yake akaanza na kapasita vilevile. Jumamosi alizunguka mitaani kwa mafundi waliojifunzia kazi vibandani, akiwaomba wamsikilize kidogo tu. Wengine walimpa kiti. Wengi walimwambia, baba, kazi hii tumeifanya miaka na hatujafa. Halafu mmoja wao alifariki, mtaa wa pili tu kutoka kile kibanda, kwa mashine ya aina ileile. Dayodi alikuwa ameketi naye wiki mbili kabla.

Alirudi kazini Jumatatu na akafundisha. Ila tangu hapo sikumsikia tena akicheka darasani, na ukuta kati yetu ni wa mbao.

Sasa kozi yenyewe inafungwa pamoja naye. Mkuu wa chuo si mtu mbaya. Wanaojiunga wamepungua, vifaa ni ghali, na kuanzia muhula ujao waliobaki watajifunzia kwenye kompyuta, kwa picha za saketi. Katika kikao alituonyesha jinsi programu hiyo inavyofanya kazi. Ukigusa kapasita iliyojaa, skrini inawaka nyekundu na unaruhusiwa kuanza upya. Dayodi aliinua mkono akauliza, mtaani wataanzia wapi upya. Tukaenda kwenye ajenda ya maegesho.

Wiki hizi za mwisho amekuwa katika stoo ya karakana. Mashine zote za kufundishia zinauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na Dayodi ameomba azipitie kwanza. Amefungua moja baada ya nyingine, akaunganisha miguu ya kila kapasita kwa waya wenye rezista ya kuutoa umeme taratibu, akasubiri, akapima, ili wapasuaji wa chuma wasije wakadhurika. Nyingi zilikuwa zimeisha umeme siku nyingi. Alizipima hivyo hivyo. Macho yake yamechoka, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namsomea mita.

Tukiwa humo nilijaribu kumfariji. Nilimwambia, kaka, hesabu wangapi wako hai huko nje kwa sababu yako. Aliendelea kukaza skrubu.

"Simjui hata mmoja," alisema. "Aliyepona hajui kwamba alikuwa afe, kwa hiyo hawezi kuja kuniambia. Ninaowajua ni wale wawili."

Nilimsomea mita ya kapasita iliyofuata: sifuri. Shemeji anasema nyumbani amekataa hata kufungua redio yao iliyokufa; ameagiza ipelekwe kwa fundi, kisha akabadili mawazo akasema itupwe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Mwalimu, tunakushukuru kwa miaka yako na kwa sauti yako iliyotuchosha. Karakana itafungwa, na hatutakudanganya kwamba kuna mtu atakayeyasema maneno yako baada yako kama ulivyoyasema. Tunakuombea afya, macho yapate nafuu, na asubuhi zisizo na kengele. Nenda nyumbani ukapumzike, kaka, kama utaweza.