Kalibu Arobaini na Tatu za Mguu wa Kulia

Majirani, mafundi wa karakana, ndugu wa karibu na wa mbali, nanyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imenituma mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu, niwasomee safari ya maisha yake, si kwa sababu najua kusoma kuliko wenzangu, ila kwa sababu ni mimi ambaye yeye mwenyewe aliniketisha na kuniandikisha karatasi hii, hatua kwa hatua, akanikataza kuipamba. Kwa hiyo mtakaposikia jambo ambalo kwa kawaida halisemwi mbele ya jeneza, msinilaumu, mjumbe hauawi.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Timazi, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mchonga mipini na mama mshona magodoro, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo, kwa maelezo yake, haikuwa na pembe hata moja iliyokaa sawa. Kitanda cha watoto kiliinamia ukutani, kwa hiyo walilala wakiporomokeana hadi asubuhi, na yeye aliyewekwa mwisho kabisa, kwenye ukuta, ndiye aliyebeba uzito wa ukoo mzima, na alisema huko ndiko alikoanza kuchukia kitu kilichopinda.

Alianza shule Januari 1952, akasoma miaka saba, hakuwa wa kwanza wala wa mkiani, na jambo lililomfanya ajulikane ni moja tu. Ubao wa darasa la tano ulikuwa umening'inia upogo, mwalimu akiandika mstari unateremka, wanafunzi nao wamezoea kusoma wakiwa wameinamisha shingo, mpaka asubuhi moja ya mwaka 1956 alipoingia na jiwe lililofungwa uzi, akalining'iniza pembeni mwa ubao, akapanda juu ya dawati na kugongomea msumari upya. Mwalimu alimchapa viboko viwili kwa kupanda dawati, kisha akamshukuru kwa ubao, akampa na jina la Timazi, ule uzi wenye uzito ambao waashi hupimia ukuta, na jina la nyumbani likafa siku hiyo hiyo.

Alijifunza useremala kuanzia mwaka 1959 kwa mjomba wake, na tarehe 3 Februari 1966 akaajiriwa katika karakana ya milango na madirisha, alikofanya kazi miaka thelathini na mitatu bila kuhama benchi, lile la pili kutoka mlangoni, lenye jiriwa nyekundu ya kubania mbao. Wenzake waliopo hapa watashuhudia kwamba mlango wake ulijifunga kwa kusukumwa na kidole, na watashuhudia pia kwamba mtu huyu alikuwa usumbufu, maana hakuweza kukaa kwenye nyumba ya watu bila kuinuka kunyoosha kalenda ukutani, na siku alipokwenda benki kufungua akaunti alimwambia meneja mbele ya wateja kwamba meza yake ina mguu mmoja mfupi, akapiga magoti palepale kuthibitisha.

Mwaka 1969 alipeleka suruali kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, akarudi nayo siku ya pili akilalamika kwamba pindo la kushoto limekwenda upande, na yule fundi, msichana wa miaka ishirini na mbili asiyejua kubembeleza wateja, akachukua futi kamba, akampima huku na huku, akamwambia kwamba pindo liko sawa, mwenye kasoro ni yeye, bega lake la kushoto limeshuka vidole viwili kwa kubeba mbao, na kiuno kimelifuata. Baba aliduwaa, kwani hakuna aliyewahi kumpima yeye. Alirudi wiki iliyofuata na suruali nyingine isiyo na tatizo lolote, kisha nyingine, mpaka suruali zikamwishia, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Agosti 1970, na kila nguo aliyomshonea tangu hapo ilikuwa na bega la kushoto lililoshushwa vidole viwili, ikamkaa vizuri, naye akawa hataki kuulizwa kwa nini.

Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi mwaka 1971, mdogo wangu dereva mwaka 1974, na kitinda mimba wao, binti pekee, aliyezaliwa Jumatano tarehe 9 Mei 1979, akiwa na afya njema na sauti ya kuamsha mtaa, ila mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia ndani, unyayo unatazamana na mwenzake.

Hapa ndipo baba alipotaka nisome polepole.

Daktari wa hospitali, mama mmoja mtulivu, aliwaeleza wazazi wetu kwamba mguu wa namna ile hunyooka bila kisu, mifupa ya mtoto bado laini, unafungwa plasta nyeupe ile inayoganda, kila Jumatatu inavunjwa na kufungwa nyingine, mguu unasogezwa kidogo tu kila mara, na akasisitiza hilo neno kidogo. Plasta ya kwanza ilifungwa tarehe 4 Juni, ya tano tarehe 2 Julai. Baba aliutazama mguu kila jioni kwa jicho la kazini kwake, akaona madaktari wanacheza, akajisemea samaki mkunje angali mbichi, na kama mbao mbichi yeye huinyoosha kwa siku kumi, mguu wa mtoto una nini. Jumapili tarehe 8 Julai, mama alipokwenda kumjulia hali dada yake, baba alilowesha ile plasta kwa maji ya uvuguvugu, akaibandua, akaufunga mguu wa binti yake kwenye kibano alichokitengeneza mwenyewe, vibao viwili vilivyotandikwa blanketi ndani, parafujo mbili ubavuni, kazi safi isiyo na kibanzi, na kila asubuhi kabla ya kwenda karakana akawa anazungusha parafujo nusu mzunguko. Mama aliporudi na kuuliza, alimwambia daktari ameruhusu, na kwamba hakuna haja ya kurudi hospitali kila Jumatatu. Huo ulikuwa uongo, na ameniagiza niutaje kwa jina lake hilo, uongo, si makosa, si bahati mbaya.

Mtoto alilia, wakasema ni meno. Ijumaa tarehe 3 Agosti homa ilipanda, mama akafungua kibano kwa mkasi wake wa kazi, akakuta kidonda kwenye kifundo kilichoingia hadi mfupani, akambeba akakimbia naye bila kufunga mlango. Walikaa hospitali siku arobaini na moja, mguu ukaokolewa usikatwe, lakini mfupa ulishaharibika na kunyooka tena hakukuwezekana, na yule daktari, alipomwita baba pembeni, hakumfokea, alimwambia tu kwamba zilikuwa zimebaki plasta nne.

Plasta nne, ndugu zangu, yaani mwezi mmoja. Baba aliishi miaka arobaini na minne na idadi hiyo.

Mama hakuondoka na hakupiga kelele, lakini methali ile ya samaki haikusemwa tena nyumbani kwetu, na siku mgeni mmoja alipoitumia kwenye mkutano wa wazazi shuleni, baba aliinuka, akatoka, akaenda kusimama uani mpaka kikao kikaisha. Dada yetu alikua akiambiwa kwamba alizaliwa hivyo na madaktari walishindwa, jambo ambalo nusu yake ni kweli, na ndiyo maana lilikaa muda mrefu.

Alipotaka kuanza kutembea, mafundi viatu wote wa mjini walisema hawana kalibu ya mguu ule, yaani ule mguu wa mti ambao ngozi huvalishwa ili ipate umbo la kiatu, na kalibu zote duniani, walisema, ni za miguu ya kawaida. Januari 1981 baba alimsimamisha binti yake juu ya karatasi kwenye benchi, akapiga magoti, akauchora mguu kwa penseli, akachukua kipande cha mti na kukichonga jinsi mguu ulivyo, kila bonde na kila kilima, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kuchonga kwa makusudi kitu kilichopinda. Kisha akaenda kukaa kwa fundi viatu kila Jumamosi akijifunza kushona ngozi, akichekwa na watoto wa karakana kwamba mzee kahamia kwenye kobazi, na mwezi wa Mei binti akatembea kutoka jikoni hadi barazani akiwa na viatu miguuni. Tangu hapo kila Januari alichonga kalibu mpya. Dada alipokuwa mtu mzima tulimwambia baba kwamba mguu hauongezeki tena, akatujibu kwamba mbao hucheza kila mwaka hata ikishakuwa mlango, sembuse mguu wa mtu. Kalibu hizo zimepangwa kwenye rafu ya banda lake, kila moja na mwaka wake, kuanzia ya ukubwa wa kiazi hadi ya mwaka jana, jumla yake arobaini na tatu. Na kwa viatu hivyo, kama mjuavyo, dada yetu amekuwa mpeleka barua wa posta kwa miaka ishirini na miwili, anatembea mitaa sita kwa siku, na hakuna mbwa wa mtaa wowote asiyeujua mwendo wake.

Baba alistaafu tarehe 31 Desemba 1999. Mama alitangulia tarehe 6 Oktoba 2015, na neno lake la mwisho kwa mumewe, baba mwenyewe amenieleza, lilikuwa kwamba lile jambo ni lako, ulilisema vibaya wewe, utalisema vizuri wewe. Alishindwa kwa miaka minane. Alikuwa akipiga magoti kila Januari mbele ya mguu ule, penseli mkononi, anafungua mdomo, anauliza kama kisigino kinakaza.

Kuanzia mwaka 2022 mikono yake ilianza kutetemeka, na mwaka uliofuata figo zikalegea. Alhamisi tarehe 14 Machi mwaka huu, siku alipotimiza miaka themanini, aliniita, akaniandikisha haya yote, akasema nikiruka hatua ya mguu atakaa kitako humo ndani ya jeneza aisome mwenyewe. Nami nilimjibu kwa ukali, Mungu anisamehe, nikamwambia baba, toba inayosomwa na mtu mwingine juu ya jeneza ni njia ya mkato, huyo mtoto akishasikia atamuuliza nani, mwite umwambie ungali unapumua. Alinigeuzia mgongo. Siku nne baadaye, Jumatatu tarehe 18, aliomba apelekwe bandani, akamwita dada, akataka kuchora mguu kwa ajili ya kalibu ya mwaka huu iliyokuwa imechelewa, na mikono ilipokataa dada akashika penseli akajichora mwenyewe, na hapo ndipo baba alipomwambia. Nilikuwa mlangoni. Alisema yote, kibano, uongo, plasta nne, akasema nisamehe mwanangu. Dada alimaliza kuchora, akavaa kiatu, akafunga kamba, akabeba mkoba wake wa barua, akatoka.

Siku kumi na moja hakuonekana kwetu. Baba, mtu ambaye hajawahi kuandikiwa barua na yeyote, akawa kila siku saa nne anauliza kama barua zimeshapita. Siku ya kumi na mbili, Jumamosi tarehe 30, dada aliingia chumbani, akavua kiatu cha kulia, akakiweka kitandani juu ya blanketi, akasema uzi wa kisiginoni umeachia. Baba alielekeza, dada akashona, yule anasema kaza, huyu anasema nimekaza, mpaka tukawafungia mlango. Lile neno baba alilolisubiri hakuambiwa, wala hakuliomba mara ya pili. Alifariki dunia Jumatatu tarehe 22 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa amelala upande wa kushoto, na kalibu ya arobaini na nne imebaki bandani, imechongwa kisigino tu, mikono yake haikufika mbali zaidi.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka hii miwili, na kwa agizo lake mwenyewe inamshukuru yule daktari wa mwaka 1979, popote alipo, kwa kutomfokea. Tunawashukuru majirani waliotuletea viti, na waliovumilia kalenda zao kuguswa. Tunawashukuru mafundi wa karakana, waliotengeneza jeneza hili na kulipima kwa timazi yake mwenyewe mara tatu, wakiogopa maneno. Wote ambao hatukuwataja, tunajua mlivyojinyima, Mungu awalipe.

Asubuhi ya leo, nikiwa tayari nimekunja karatasi hii, dada yetu alinijia, akaniambia niongeze mstari mmoja mwishoni, kwa kuwa yeye hawezi kusimama mbele za watu akausema, na nimeuandika kama alivyoutamka. Alisema, mwambie baba, viatu havijawahi kunibana hata siku moja.

Umesikia, Fundi Timazi. Sasa weka zana chini, baba, lala upande wowote upendao. Pumzika kwa amani.