Mzee Nchagwa Mseti (1949–2025): Amevuka Bila Sarafu

Marehemu Mzee Nchagwa Mseti alizaliwa Kerende, Tarime, tarehe 14 Agosti 1949, kwa mujibu wa cheti chake cha ubatizo. Mama yake, marehemu Scholastica, hakujali tarehe. Alisema tu kwamba ulezi ulikuwa umekwisha kuvunwa.

Alisoma Nyamongo, akajifunza ufundi wa mitambo Musoma, na mwaka 1969 akaajiriwa katika shamba la mkonge huko Kilosa. Mkuu wake wa karakana, Mgiriki, alipoondoka nchini mwaka 1972 alimwachia sarafu ya kale ya shaba yenye bundi wa Athena, mungu wa kike wa Wagiriki. Tangu hapo marehemu aliagiza nyingine kwa posta, moja moja, maisha yake yote. Alipenda kueleza kwamba miji ya Wagiriki ilikuwa na wanyama wake, kama koo zetu zilivyo na wao.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Tabitha Mokami wa Kisaka, Serengeti. Walirejea Kerende mwaka 1983, akafungua karakana ya kutengeneza mashine za kusaga. Humo ndimo shemeji yake Waitara, mchimbaji wa dhahabu, alimoipaka sarafu moja tindikali kuona kama ni dhahabu. Zeu, mkuu wa miungu ya Wagiriki, ambaye sura yake ilikuwa juu ya sarafu hiyo, akapoteza ndevu zote. Marehemu aliitazama sana, kisha akasema, "Shemeji, umemnyoa Zeu bila hata kumpaka sabuni." Hawakugombana. Lakini uvumi wa dhahabu ya Nchagwa haukuzimika tena.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Kwa kuwa alizoea kusimulia jinsi Wagiriki walivyowatia wafu sarafu mdomoni, wamlipe mvushaji wa mto wa mauti, baadhi ya ndugu walishauri naye atiliwe moja. Alimjibu mkewe, "Mama Nora, mkiniwekea hata moja, watanifukua kabla udongo haujakauka. Mimi nitavuka kwa mguu."

Alifariki Mwanza tarehe 9 Machi 2025. Ameacha mjane, watoto watatu, Nora, Emanuel na Jenipha, pamoja na wajukuu.

Sarafu zote, akiwemo Zeu aliyenyolewa, zimekabidhiwa shule ya sekondari ya kata, na kila mtu anaweza kwenda kuziona. Ni shaba. Asubuhi hii jeneza limekaguliwa mbele ya wazee wa ukoo, na aliyelikagua ni Waitara mwenyewe. Hamna kitu humo ila Nchagwa.

Tumwache apumzike kwa amani.