Kane Isiyobeba Birika

Benchi yetu ni ubao mumoja uliolazwa juu ya mawe mawili ya volkano, kwenye kona ya Majengo, pale lami inapochoka na kugeuka vumbi jeusi. Mimi niko na jiko la makala, birika moja, vikombe vidogo, na midomo mitatu inayokuja kila asubuhi kunywa kahawa yangu na kuchosha masikio yangu. Hassani tunamuita Kilometraje, juu hakuna hadithi yake isiyoanza na kilometa aliyoiendesha kwa lori. Bagalwa ni Tani: anatengeneza chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, na kwake kitu kisichobeba kilo mia tatu hakikustahili kuzaliwa. Théoneste ni Siantifik, anauza unité, vocha za simu, na kila uongo wake anaufungulia mulango kwa neno "siantifikman", yaani kwa kisayansi. Wa nne alikuwa Nizeyimana. Huyo tulimuita Klakso, juu lori yake ilikuwa inapiga honi toka mbali ili nianze kukoroga sukari. Halafu presha ikamupiga. Mukono wa kuume ukalala, honi ikanyamaza, na nafasi yake kwa ubao ikawa ya kuwekea kofia.

Asubuhi hiyo alikuja kwa miguu, pole pole, na kane mbili chini ya kwapa la kushoto. Kane ni fimbo ya kuloba samaki, kwa wale wanaokula samaki bila kuuliza alitoka wapi. Mukono wa kuume ulikuwa unaning'inia pembeni kama wa koti, na kila mutu akaanza kutazama kitu kingine. Tani alitazama mawingu. Siantifik alitazama simu. Kwetu mugonjwa hapokelewi kwa machozi. Ukimulilia atafikiri amekwisha kufa.

— Umechelewa, Hassani akamuambia. Kahawa yako ilipoa mwaka jana.

— Basi nipashieni, akajibu Klakso, na kukaa.

Nikamimina kikombe nusu, ili kisimwagike, na nikajifanya kuwa kahawa ni kidogo.

Alitueleza. Yule wa kinesi, anayenyoosha watu viungo kule sentre de sante, alimuambia atafute kazi ya mikono atakayoipenda, mukono muzima ufanye na ule wenye kulala ujaribu kufuata, ama utasahau kabisa kuwa ni mukono. Walimupa kampira ka kufinya. Alikafinya wiki moja akakatupia mbuzi. Hayo mengine hakuyasema, lakini mimi niliyajua, juu Munezero, muke wake, alinimwagia yote juu ya ukuta siku tulipokuwa tunaanika nguo: kwamba bwana amegeuza kiti chake, uso kwa ukuta, mugongo kwa mulango, na mutu akiingia hageuki.

Sasa alitaka kuloba. Na si kuloba kwa watu wote. Zamani, alipokuwa anashusha vyakula kwa nyumba moja ya watalii karibu na Rumangabo, alimuona muzungu amesimama kwa majani, mbali na maji yoyote, anarusha unyoya. Kane nyembamba, kamba nene, na kwa mwisho kaunyoya kalikofungwa kama inzi. Anarusha mbele, anarudisha nyuma, anarusha tena, na uso wake umetulia kama mutoto aliyenyonya. Klakso alisema muzigo ulikwisha kushushwa, yeye akabaki pale anatazama mupaka convoyeur, yule anayesindikiza muzigo, akamupigia kelele. Kitu kile hakikumutoka kichwani.

— Mutu mwenye akili, aloba samaki kwa majani? Tani akauliza.

— Alikuwa anajifunza. Samaki ni mambo ya baadaye.

Kuko sheria kwa benchi yetu: hakuna anayenunua kitu cha maana bila kukileta hapa tukipime. Redio tumezipima, viatu tumevipima, mukwe wa Tani tulimukalisha hapa asubuhi nzima kabla hajapewa binti. Kwa hiyo Klakso alimuachia muuzaji wa kule Birere simu yake kama dhamana, akachukua kane zote mbili, na alitakiwa kurudisha moja saa sita. Uwezo wake ulifika kwa moja tu. Akikosea, hakuna ya pili.

Ya kwanza ilikuwa mupya, fupi, nene, na mulinet wake, ile mashini ndogo ya kuzungushia kamba, uling'aa kama sufuria ya bibi-arusi. Kamba yake ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Ya pili ilikuwa okazo, ya mitumba, ilitoka Ulaya ndani ya balo la makoti. Ndefu, nyembamba, ukipumua karibu inatikisika. Mulinet wake ungesema ni mukebe wa tomati. Lakini kamba yake ilikuwa ya manjano, nene, kama ile ninayoanikia nguo.

Tani hakuuliza mutu. Alichukua birika yangu, imejaa, na kuitundika kwa ncha ya ile kane nene. Nilimuambia akimwaga kahawa yangu nitamupima yeye. Kane ikasimama. Birika ikaning'inia pale juu kama shefu wa zamani ndani ya tipoy, kile kiti cha kubebwa mabegani. Akaitundika kwa ile nyembamba. Kane ikainama, ikainama, ikaiweka birika chini kwa heshima, kama muke anayeteka maji.

— Hii imekufa, Tani akasema. Haba na haba hujaza kibaba, Klakso. Chukua nene.

Nikamuuliza kibaba kimeingia wapi. Akasema kibaba ni uzito.

Hapo midomo ikafunguka. Hassani alikubali kane nene, juu kilometa sabini, ukikaribia Kiwanja, aliona kwa macho yake kambale mutoni anavuta mbuzi kwa muguu. Siantifik akasema hiyo ni kitu kidogo: siantifikman, samaki wa ziwa letu wanaishi juu ya gazi, ile hewa ya kuwaka iliyo chini ya maji, gazi inawaingia, wanakuwa wepesi kama mapulizo, kwa hiyo kane si ya kumuinua samaki, ni ya kumuzuia asipande na mulobaji kwenda mbinguni. Hassani akakataa. Shida si gazi, ni elimu. Samaki wa Kivu wamezoeshwa na walobaji wa sambaza, vile visamaki vya usiku, kuja kwa mwanga wa taa. Samaki aliyesomea taa hawezi kufuata unyoya gizani mwa maji. Lazima kane iwe na taa. Tani akasema taa inataka batri, na batri inataka kane nene, munaona sasa. Siantifik akaongeza plake ya jua kwa kofia. Walipofika kwa waya wa kushuka toka kofia kupitia suruali, nikakoroga jivu ili nisiseme neno la dhambi.

Klakso alikuwa anasikiliza. Alikuwa anacheka kidogo, upande mumoja wa mudomo, ule unaocheka. Halafu Siantifik, kwa utamu wa maneno yake, akamugeukia:

— Chukua nene, ndugu yangu. Wazee walisema, mukono mumoja haulei...

Akaishia hapo. Ilikuwa imekwisha kutoka. Kwa miaka yote ya kunywa kahawa yangu, sikuwahi kumuona Théoneste akitafuta pa kuficha uso, na pale kwetu hakuna hata muti.

— Malizia, Klakso akamuambia. Watoto wangu walikwisha kulelewa.

Akasimama. Akasema birika hailobi samaki, na kama tumemaliza kupima kwa macho, yeye anataka kupima kwa mukono. Niling'oa uzi mwekundu wa kitambaa changu, nikaufunga mahali pa ndobo, ile ndoano, juu sikutaka watu watobolewe masikio barabarani.

Alianza na ile nene, kwa mukono wa kushoto. Akarusha kwa nguvu. Uzi ukaanguka juu ya kambambili zake mwenyewe. Akarusha tena, ukaanguka pale pale, kama kuku anayejua kwao. Hassani akashauri tufunge kajiwe. Tukafunga. Jiwe likaenda vizuri sana, mupaka kwa bati za jirani, na jirani akatoka na maneno ambayo siyaandiki. Lakini hapo tulikuwa tumelobesha jiwe. Unyoya haukwenda popote.

Akachukua ile ya okazo. Mara ya kwanza kamba yote ya manjano ilimuangukia kichwani kama makaroni, na Tani akacheka mupaka akakohoa. Klakso hakukasirika. Akaikunjua. Akatulia. Akarudisha kane nyuma, akangoja, kama mutu anayesubiri gari lipite, halafu akaileta mbele bila nguvu. Kamba ikajikunjua hewani, ndefu, bila haraka, ikavuka barabara juu ya vumbi, na ule uzi wangu mwekundu ukalala ng'ambo bila sauti. Bodaboda moja ilisimama, dereva anatafuta kilichopita mbele yake.

— Si fimbo inayopeleka, Klakso akasema. Ni kamba. Unyoya hauna uzito, kwa hiyo uzito wameuweka ndani ya kamba, na fimbo lazima iiname ndiyo iweze kuirusha.

Tani akaenda kuishika ile kamba, akaipitisha kati ya vidole kama anayechagua mbao.

— Kumbe muzigo njo huu.

— Njo huu.

Basi ikawa imeamuliwa. Mulinet ubaki mukebe wa tomati, kazi yake ni kutunza kamba tu, wala hauna haja ya kung'aa. Hassani akatangaza kuwa toka mwanzo yeye alisema nyembamba. Klakso alikuwa amesimama wima, jasho kwenye paji, na kwa mara ya kwanza toka presha alikuwa anatupita sisi wote kwa urefu.

Ni hapo mama mumoja akatua beseni yake ya sambaza kando ya jiko langu. Mama Chance, amehamia kwetu juzi, hatujamujua hata kumusengenya. Aliomba kahawa, akainywa akiwa amesimama, anatazama Klakso akirusha mara ingine. Halafu akauliza, kwa heshima, bila ubaya wowote:

— Papa, mukono huu umeshika kane. Samaki akikamata, kamba utaivuta na mukono gani?

Tani alikuwa anachunguza kucha zake. Mimi nilichungulia ndani ya birika, kama jibu liko chini ya machicha. Tulikuwa tumepima uzito, gazi, taa na jua, na kati yetu wote hakuna aliyehesabu mikono.

Klakso aliutazama ule mukono wa kuume. Akaanza kukunja kamba ya manjano, kwa vidole vya kushoto, akisaidiwa na goti.

— Ni kweli, mama, akasema. Asante.

Hakusema kwa hasira. Hasira ningeipenda. Ilikuwa sauti ya mutu anayerudisha kitu cha wenyewe. Akaegemeza kane zote mbili kwa kwapa, akatafuta njia na muguu, na mimi nikakiona kile kiti, na ule ukuta, na Munezero anasimama mulangoni. Siko mutu wa kubembeleza. Lakini nilimutazama Hassani, na nilimutazama vibaya. Hao wawili waliendesha lori moja muda murefu. Mumoja akishika volan, mwengine analala, na hawakuwahi kuulizana zamu ni ya nani.

Hassani akapangusa suruali yake. Akasimama.

— Mimi siloba, akasema. Samaki ananuka, na ziwa lina baridi asubuhi.

— Nani alikuita? Klakso akauliza.

— Hakuna.

Akachomoa ile kane ya okazo kutoka kwapani kwa Klakso, akamuwekea kwenye mukono wa kushoto. Halafu akazunguka, akasimama upande wa kuume. Akauinua ule mukono wenye kulala, kama mutu anavyochukua chombo kwa kabati ya wenyewe, akafungua kidole kimoja kimoja, akalaza kamba ya manjano ndani. Akafunga mukono wake mwenyewe juu yake.

— Rusha.

— Utavuta vibaya.

— Nitavuta vibaya. Rusha, saa sita inafika na mutu wa Birere anangoja.

Akarusha. Ilianguka vibaya, kamba imejisokota kama utumbo. Wakaivuta pamoja, mukono ndani ya mukono, uzi mwekundu unarudi kwa vumbi kidogo kidogo, unasimama, unarudi. Hassani alivuta kabla ya wakati. Klakso akamutukana tusi la barabarani, lile ambalo madereva wanatukanana wakikutana kwa daraja jembamba, na Hassani akalipokea kama salamu.

Tani aliuliza nani atabeba samaki. Siantifik akaanza kusema kuwa siantifikman, watu wawili kwa kane moja ni kama... Nikamutazama, akameza maneno.

Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyenyoosha kikombe. Nikamuambia Mama Chance asogeze beseni yake ya sambaza, juu wale wawili walikuwa wanarudisha kamba nyuma tena, na hawakuwa wanatazama mutu.